Tom Campbell Black: Rubani Aliyehama Kampuni

Ukikaa Richfield, upande wa Cedar Avenue, huhitaji kuambiwa kwamba uwanja wa ndege uko jirani. Unaongea na mama kwenye simu, ndege inapita juu ya paa, mama anauliza kama huko kwenu kuna vita. Njia mpya ya kurukia iliyofunguliwa mwaka 2005 imepita karibu kabisa na mji wetu, na kabla ya hapo mitaa miwili ya Richfield, New Ford Town na Rich Acres, ilikwishanunuliwa nyumba kwa nyumba na kubomolewa ili uwanja upate nafasi.

Ndugu zetu wengi wamekula mkate wa uwanja ule. Kuna walioendesha teksi, waliopakia mizigo, waliofagia, waliosukuma wazee kwenye viti vya magurudumu huku wakisoma usiku. Hao tunawajua. Lakini siku hizi wapo pia vijana wa Afrika Mashariki wanaosomea urubani, wengine hapo Mankato, na wapo wachache waliokwishaanza kazi kwenye mashirika madogo. Na hao wana swali lao ambalo sisi wa vitabu hatulijui vizuri. Swali ni hili: nihame au nibaki?

Kwa mhasibu kuhama kampuni si jambo la kumkosesha usingizi. Kwa rubani wa Marekani ni jambo zito. Kwenye mashirika makubwa rubani anapewa namba siku anayoajiriwa. Namba hiyo ndiyo inayoamua ataruka ndege gani, atawekwa mji gani, Krismasi atakula kwake au hotelini, na lini atatoka kiti cha kulia kwenda kiti cha kushoto, yaani kuwa kepteni. Akihama, namba haihami naye. Anaanza upya mkiani mwa foleni hata kama ana masaa elfu kumi angani, na mwisho wa yote sheria inamtaka astaafu akiwa na miaka 65. Kwa hiyo kila mwaka anaochelewa kuamua, foleni ya kule anakotaka kwenda inazidi kuwa ndefu.

Nimeona badala ya kutoa nasaha za bure, nisimulie maisha ya mtu aliyewahi kukaa mbele ya swali hilo huko kwetu, Nairobi, miaka ya 1930.

Nianze na majina ya viwanja. Uwanja wetu huu mkubwa kwa jina la zamani ni Wold-Chamberlain, kwa kumbukumbu ya vijana wawili wa Minneapolis, Ernest Wold na Cyrus Chamberlain, marubani waliokufa kwenye Vita Kuu ya Kwanza. Ukivuka kwenda St. Paul, ule uwanja mdogo wa kando ya mto Mississippi unaitwa Holman, jina la Charles Holman aliyeitwa Speed, rubani wa kwanza kuajiriwa na Northwest Airways mwaka 1926. Holman hakuhama. Alipanda cheo humo humo hadi akawa msimamizi wa safari zote za kampuni, akafariki mwaka 1931 katika maonyesho ya ndege mjini Omaha.

Sasa nenda Nairobi. Uwanja wa Wilson, ambao kila aliyewahi kupanda ndege ndogo kwenda Maasai Mara au Lamu anaujua, haukupewa jina la rubani. Wilson alikuwa mama mmoja, mwenye kampuni. Rubani aliyeianzisha kampuni hiyo pamoja naye, aliyeendesha ndege yake ya kwanza, hana uwanja. Jina lake ni Tom Campbell Black, na yeye alihama.

Najua kuna watakaouliza, mkoloni anatafuta nini kwenye gazeti letu? Ni swali la haki. Nairobi ya miaka ile Mwafrika hakuruhusiwa hata kuota kiti cha rubani. Alifyeka vichaka vya viwanja vya kutulia, alibeba madebe ya mafuta, alisukuma ndege iliyozama kwenye tope, basi. Simsifu Campbell Black kwa hilo, wala siwezi kulificha. Lakini mtu anaweza kuishi katika dunia mbaya na bado uamuzi wake ukatufundisha, hasa leo ambapo kiti kile tunakikalia sisi.

Tom Campbell Black alizaliwa Brighton, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, Desemba 1899. Baba yake alikuwa mtu wa siasa za mji, aliwahi kuwa meya. Vita ilipopamba moto kijana alijifunza kuruka katika kikosi cha ndege cha jeshi la majini, ambacho mwaka 1918 kiliunganishwa kuwa Jeshi la Anga la Kifalme. Vita ikaisha, marubani wakawa wengi kuliko ndege za kurusha. Yeye, kama wenzake wengi, akaenda Kenya kujaribu kilimo. Alifika Rongai, karibu na Nakuru.

Kilimo hakikumtoa angani. Mwaka 1928 yeye na wenzake wawili walinunua ndege ya mtumba, de Havilland DH.51 yenye jina la Miss Kenya. Hiyo ndiyo ndege ya kwanza kuandikishwa katika daftari la Kenya. Yaani fikiria nchi nzima, kutoka Ziwa Viktoria hadi Bahari ya Hindi, na ndege zake unaweza kuzihesabu kwa vidole.

Wakati huo huo alikuwapo Bi Florence Kerr Wilson, mjane ambaye mumewe alifariki mwaka 1928. Campbell Black alimtia hamu ya ndege. Mama akaona kitu ambacho wanaume wengi wenye pesa Nairobi hawakukiona, kwamba nchi yenye barabara mbovu na reli moja inahitaji njia ya angani. Julai 1929 kampuni ya Wilson Airways ikaandikishwa. Mama alileta mtaji. Campbell Black alileta mikono na kichwa, akawa mkurugenzi na rubani mkuu.

Kampuni ilianza na ndege moja. Sikosei, moja. Ilikuwa Gipsy Moth, ndege ya mabawa mawili ya kitambaa na mbao, wazi juu, rubani mmoja na abiria mmoja, upepo usoni. Ikienda vizuri ilifikisha kama kilomita 135 kwa saa. Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 440 kwa mstari wa ndege, kwa hiyo ni zaidi ya masaa matatu. Leo tungecheka. Lakini treni ilichukua usiku kucha, na Gipsy Moth ilifika kabla supu ya mchana haijapoa.

Kazi ya rubani mkuu haikuwa kukaa na miwani myeusi kusubiri abiria. Hakukuwa na minara ya kuongozea wala redio ya kumwambia hali ya hewa. Rubani alifuata reli, mto, au umbo la mlima alilolikariri. Alitafuta mwenyewe pa kutua, akakubaliana na mwenye shamba, akahakikisha majani yamefyekwa na mashimo ya nguruwe pori yamezibwa. Alisafirisha barua, madaktari, wagonjwa, wawindaji, wenye migodi. Njia za kwenda pwani, hadi Zanzibar na Dar es Salaam, zilipata sura katika miaka hiyo. Ndege zikaongezeka, ikiwemo Avro ya injini tatu. Imperial Airways ya Uingereza ilipoanza kuleta barua kutoka London mwaka 1931, Wilson Airways ikawa na mahali pake: kupokea kilichofika ziwani na kukisambaza ndani ya Afrika Mashariki.

Mwaka huo huo wa 1931 jina lake lilivuka mipaka. Ernst Udet, rubani Mjerumani aliyeangusha ndege 62 katika vita ile kuu, alikuwa amekuja Afrika Mashariki kupiga filamu. Wakati wa kurudi kwao aliishiwa bahati kwenye vinamasi vya mto Nile, kusini mwa Sudan. Yeye na fundi wake walikwama huko, maji ya kunywa ni shida na msaada uko mbali. Aliyewatafuta kutoka angani akawapata ni Campbell Black. Hebu tafakari: miaka 13 kabla, hao wawili walikuwa maadui katika vita moja. Kwenye kinamasi hakuuliza kabila wala bendera.

Na mwaka huo huo alikuwa na mwanafunzi. Beryl Markham, binti aliyekulia Njoro akiwafundisha farasi wa mashindano, alitaka kujifunza kuruka, na Campbell Black akamfundisha kwenye Gipsy Moth pale Nairobi. Mwanafunzi alipata leseni ya kwanza mwaka 1931, na mwaka 1933 akapata leseni ya biashara, mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuipata. Mwalimu hakumfundisha ili awe msaidizi wake. Alimfundisha hadi akaweza kuruka peke yake usiku na kujipatia riziki mwenyewe, kupeleka barua na kutafuta tembo kwa ajili ya wawindaji.

Basi tufike mwaka 1932. Rubani ana miaka 32. Ana cheo cha juu kabisa ambacho rubani anaweza kukipata katika kampuni ile, kwa sababu juu yake kuna mwenye mali tu. Kampuni inakua, lakini inakua kwa mwendo wa koloni dogo katikati ya mdororo wa uchumi wa dunia. Halafu kunakuja kazi nyingine. Lord Furness, tajiri wa meli wa Uingereza, mtu wa farasi na safari za kuwinda, anamtaka awe rubani wake binafsi.

Hilo ndilo dili. Upande mmoja kuna kampuni aliyoianzisha kwa mikono yake, njia alizozifungua, wanafunzi, na jina linaloheshimika kutoka Kisumu hadi Zanzibar. Upande wa pili kuna ndege nzuri zaidi, Ulaya, watu wakubwa, na nafasi ya kuonekana pale ambapo mambo ya ndege yalikuwa yakiamuliwa. Wahenga walishatuonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini wahenga hao hao wanasema atangaye na jua hujua. Methali za Kiswahili zina tabia hiyo, kila upande una shahidi wake.

Campbell Black alihama. Aliiacha Wilson Airways, akaenda Uingereza.

Sasa sisi tuliokaa nyuma ya miaka tisini tunaweza kuona kilichofuata, na mwanzo wake ni mtamu kweli.

Mwaka 1934 mji wa Melbourne, Australia, ulitimiza miaka 100. Tajiri mmoja wa chokoleti, Sir Macpherson Robertson, akatoa pesa za mashindano ya ndege kutoka Uingereza hadi Melbourne, zawadi ya kwanza pauni 10,000. Kampuni ya de Havilland ilitengeneza ndege maalumu kwa ajili ya mashindano hayo, nyembamba, injini mbili, ikiitwa Comet. Zikatoka tatu. Moja, nyekundu, ilinunuliwa na A. O. Edwards, mkubwa wa hoteli ya Grosvenor House ya London, akaipa jina la hoteli yake. Marubani aliowachagua ni C. W. A. Scott na Tom Campbell Black.

Walianza alfajiri ya tarehe 20 Oktoba 1934 kutoka uwanja wa jeshi wa Mildenhall, ndege 20 kwa jumla. Vituo vya lazima vilikuwa Baghdad, Allahabad, Singapore, Darwin na Charleville. Wawili hao walipokezana usukani bila kulala sawasawa. Juu ya bahari ya Timor injini moja ilianza kuleta matatizo ya mafuta ya kulainishia, wakaipunguza nguvu, wakafika Darwin kwa kutegemea zaidi ile nyingine. Walifika Melbourne baada ya masaa 71. Kwa kulinganisha, huduma ya kawaida ya barua kwa ndege kutoka London hadi Australia ilipoanza Desemba mwaka huo, ilichukua zaidi ya siku 12. Dunia nzima ilijua jina la mkulima wa zamani wa Rongai.

Hapo mtu anaweza kufunga kitabu na kusema, unaona, kuhama kunalipa. Nairobi asingepata hayo. Ni kweli, asingeyapata.

Lakini angalia aliyeshika nafasi ya pili. Haikuwa ndege ya mashindano. Ilikuwa DC-2 ya shirika la KLM la Uholanzi, ndege ya abiria ya kawaida, na ndani yake kulikuwa na abiria na barua. Usiku wa mwisho ilipotea kwenye dhoruba, ikatua kwenye uwanja wa farasi wa mji wa Albury huku wananchi wakiimulika kwa taa za magari yao, asubuhi ikasukumwa kutoka kwenye tope ikaendelea. Na bado ikawa ya pili. Ndege nyekundu ilishinda siku tatu zile. Lakini kazi ya urubani iliyokuja kuwalisha watu miaka mingi baadaye ilikuwa ile ya nafasi ya pili: ratiba, abiria, barua, shirika lenye ngazi.

Hapo ndipo ninapoona uamuzi wa 1932 kwa jicho lingine. Campbell Black hakuhama kutoka kampuni ndogo kwenda kampuni kubwa. Alihama kutoka kampuni kwenda mfuko wa mtu. Na tangu siku hiyo kila hatua yake ilitegemea mfuko wa mtu mwingine. Kwanza Furness. Kisha Edwards wa hoteli. Mwaka 1935 alipata Comet nyingine, ikaitwa Boomerang, akaruka na J. H. G. McArthur kutoka London hadi Cairo na kurudi ndani ya siku moja. Walipojaribu kuvunja rekodi ya kwenda Cape Town, pangaboi likaharibika juu ya Sudan, wakaruka kwa miavuli na ndege ikapotea. Rubani wa shirika akipoteza ndege, anaandika ripoti na mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Rubani wa wafadhili anaanza tena kubisha hodi.

Mwaka 1935 pia alioa, Florence Desmond, mwigizaji maarufu wa London. Sasa alikuwa mtu wa picha za magazeti.

Mwaka 1936 hodi ilipokelewa Liverpool. John Moores, tajiri wa Littlewoods, alimpatia ndege ndogo ya kiti kimoja, Percival Mew Gull, ikaitwa Miss Liverpool. Kulikuwa na mashindano mengine makubwa, kutoka Portsmouth hadi Johannesburg, kuanza tarehe 29 Septemba. Kwa mtu aliyezijua njia za Afrika kama kiganja chake, hayo yalikuwa mashindano ya nyumbani.

Tarehe 19 Septemba, siku 10 kabla, alikuwa kwenye uwanja wa Speke, Liverpool. Alikuwa ardhini, anaitembeza ndege yake kwa magurudumu. Ndege ya jeshi, Hawker Hart, iliyokuwa imetua, ikamjia bila kumwona. Pangaboi lake likapasua ndege ndogo mahali alipokaa. Alifariki akipelekwa hospitali, akiwa na miaka 36. Mtu aliyevuka jangwa, vinamasi na bahari ya Timor alikufia kwenye nyasi za uwanja, mwendo wa polepole, mchana kweupe.

Mashindano yalifanyika bila yeye. Aliyeshinda alikuwa C. W. A. Scott, mwenzake wa Melbourne, pamoja na kijana Giles Guthrie. Kati ya ndege tisa zilizoondoka, yao pekee ndiyo iliyofika. Na wiki mbili kabla ya ajali ya Speke, mwanafunzi wake Beryl Markham alikuwa ameondoka Uingereza peke yake usiku wa tarehe 4 Septemba, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi dhidi ya upepo, akaangukia salama kwenye kinamasi cha Nova Scotia, Kanada. Mwalimu aliwahi kuiona siku hiyo ya mwanafunzi wake. Angalau hilo.

Na Wilson Airways? Haikufa alipoondoka. Mwaka 1933 ilikuwa kwenye uwanja wake mpya wa Nairobi Magharibi, ikaendelea na barua na abiria, ikaongeza ndege. Kilichoimaliza ni Vita Kuu ya Pili. Serikali ilichukua ndege na marubani kwa ajili ya vita, na mwaka 1940 kampuni ikawa imefikia mwisho. Vita ilipoisha, tarehe 1 Januari 1946, likaanzishwa shirika la East African Airways, ambalo wazazi wetu walilipanda, nalo likavunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya ya zamani. Uwanja wa Nairobi Magharibi ukapewa jina la Wilson mwaka 1962.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tusidanganyane kwamba angebaki angekuwa salama. Angebaki, kampuni ingemfia mikononi akiwa na miaka 40. Na sisi wa huku tumeona jambo hilo hilo kwa macho yetu. Northwest, kampuni ya yule Holman, ilikuwa nguzo ya mji huu tangu 1926. Mwaka 2005 iliingia mahakamani kwa kufilisika, ikatoka 2007, mwaka 2008 ikamezwa na Delta, na mwaka 2010 jina likafutika. Marubani waliokaa miaka ishirini wakijivunia namba zao waliamka siku moja namba hizo zimechanganywa na za watu wa Atlanta kwa uamuzi wa wasuluhishi. Kubaki nako ni kuamua. Ni vile tu hakuna barua unayotia sahihi.

Basi kama hakuna upande wenye dhamana, tunapima kwa nini? Kutokana na maisha haya mimi nimepata maswali matatu, na nadhani yanamfaa rubani wa Richfield kama yanavyomfaa muuguzi au mhandisi.

La kwanza, kazi mpya itanipa nini ambacho nitaondoka nacho ikifungwa kesho? Masaa kwenye daftari la safari, leseni ya ndege kubwa zaidi, ujuzi wa njia mpya, hivyo ni vyako, havitaifishwi. Cheo, sare na picha kwenye ukuta hubaki na mwenye nyumba. Kijana aliye kwenye shirika dogo, ambaye amefikisha yale masaa 1,500 ya leseni ya shirika, na anaona hapo alipo hakuna ndege kubwa wala kiti cha kushoto kitakachofunguka karibuni, huyo sababu ya kuhama anayo, na ahame mapema, kwa sababu foleni haimsubiri.

La pili, ninakwenda kwenye ngazi au kwenye mfuko wa mtu? Mshahara mnono wa tajiri mmoja unaweza kuwa mkubwa kuliko wa shirika. Lakini tajiri akibadili mawazo, akifilisika au akichoka tu, hakuna foleni ya kurudi. Ukienda huko, nenda ukijua, na weka akiba kama mtu anayejua.

La tatu, ninaacha nini kinachosimama? Campbell Black aliondoka, kampuni ikaendelea miaka saba na zaidi. Aliondoka, mwanafunzi wake akavuka Atlantiki. Hiyo ndiyo tofauti ya kuhama na kutoroka. Kama ukiondoka leo kila kitu kinaanguka, huenda hukufundisha mtu.

Ukiwahi kufika Uingereza, nenda Old Warden, Bedfordshire, kwenye makumbusho ya ndege za zamani ya Shuttleworth. Miss Kenya iko huko, ile ya mtumba ya mwaka 1928. Na Comet nyekundu ya Melbourne iko huko pia. Ndege ya kwanza ya safari yake na ndege ya kilele chake, zote mahali pamoja, na zote mbili zimetunzwa zikiweza kuruka.

Kwa wale wenye barua ya kazi mpya mezani wiki hii, msikimbilie kuuliza ni dola ngapi. Hiyo iulizeni ya nne.